Tambara la Jumatatu

Kila Jumatatu bwana mmoja anateremka kutoka kwenye gari la idara ya barabara na tambara lake na kopo la tina ya kuondolea rangi, anaanza kusugua kibao cha kuelekeza njia. Njia panda yetu, zinapokutana barabara ya Tuzla na ya Sarajevo, majeshi matatu yaliipigania kwa mizinga wakati wa vita, maana aliyeishika ndiye aliyeamua nani bondeni apate unga. Siku hizi watu wanaipigania kwa rangi tu. Kila jina kibaoni limeandikwa kwa hati mbili, ya Kilatini na ya Kikirili kama ya Kirusi, na haipiti wikendi bila mtu kuipaka nyeusi ile isiyo ya watu wake. Yeye huzisafisha zote, taratibu, kidole gumba kimechubuka, akipiga mluzi wa wimbo mmoja asioumaliza. Namwuzia kahawa miaka sita sasa, na sijui hati yake ni ipi.

“Jirani, unajichosha bure,” Ljuban, mziba pancha, humtania. “Jumamosi watapaka tena.”

“Na Jumatatu mimi nipo, jirani.”

Jumatatu hii alikuta kibao kinang’aa. Mluzi ukakatika. Ljuban alikuwa kwangu anakunywa kahawa, mikono inanuka tina, macho yake kila mahali isipokuwa kibaoni. Yule bwana akakikagua kibao mpaka pembeni.

“Jirani, umeacha doa kwenye herufi ya mwisho.”

Akamrushia tambara. Ljuban akaguna, akalidaka.