Babu Aliyeitwa Mtoro Apatikana Katika Daftari la Jeshi

Saa mbili asubuhi, ofisi ya uchapaji ya Wadi Kabir, Maskati, inafunguliwa huku wateja watano wamekwishasimama mlangoni, pasipoti mkononi. Nasriya Anas, 52, anasoma jina la wa kwanza herufi kwa herufi kabla hajagusa kompyuta.

"Jina likikosewa hapa, mtu wa watu atakwama uwanja wa ndege," anasema.

Kazi hii ya kujaza fomu za viza ameifanya miaka kumi na minne. Ndiyo iliyomsaidia kuufuta uvumi ulioisumbua familia yake zaidi ya karne.

Babu wa mama yake, Yaqdhan bin Jaifar, alikuwa mwanamgambo chini ya maofisa wa Kiingereza pwani ya Afrika Mashariki, miaka ya 1890. Wenzake walirudi Unguja bila yeye. Alipotokea miezi kadhaa baadaye, akichechemea, watu walisema alitoroka vitani. Mama yake Nasriya, Bi Mahbuba, alikulia Unguja akiitwa mjukuu wa mtoro. Neno hilo liliwafuata hadi Maskati.

Kwa miaka sita Nasriya alipekua mtandaoni nakala za daftari za jeshi la Uingereza. Hakumwona Yaqdhan yeyote, akaacha.

Machi mwaka huu, mteja aitwaye Evodia, mfanyakazi wa ndani kutoka Bukoba, alimletea karatasi tatu, kila moja imeandikwa jina lake kivyake. Evodia alieleza kwamba makarani waliandika walivyosikia. Jioni ile Nasriya alianza kutafuta upya, akilitamka jina la babu kama Mwingereza angelisikia.

Siku ya nne akampata: "Jackdan Jeffer", mzaliwa wa Rustaq, Omani, kama babu. Karani aliongeza: risasi gotini, miezi minane hospitali Mombasa, ameachishwa kwa ulemavu, mwenendo mzuri sana.

"Nliisoma mara tatu," anasema. "Nliogopa nisije nikampa mama furaha ya uongo."

Bi Mahbuba, 81, alitaka afasiriwe polepole, kila neno. Kisha akaomba maji.

"Alhamdulillahi," alisema. "Basi hakukimbia. Alikuwa kalazwa."

Tangu siku hiyo, anasema Nasriya, mama yake amemtaja babu huyo mbele ya wageni, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

Ukurasa uleule una majeruhi wengine wanne. Nasriya amepanga likizo ijayo aende Unguja kuwauliza wazee wa huko kama wanazifahamu koo za hao wanne. Agizo, anasema, limetoka kwa mama.

"Kanambia, 'Watafute, mwanangu. Huenda na kwao kuna bibi mzee hajaambiwa.'"