Mchawi Niliyempa Shikamoo

Chekeni kabisa mmalize, maana kwenye stori hii zoba ni mimi.

Likizo ya darasa la sita, mimi na Mudi tulikuwa tunatoka Kariakoo kwa miguu mpaka Upanga, kwa kina Ketan. Mjomba wake alimletea mchezo wa mezani: unajiandikia shujaa wako kwenye karatasi, Ketan anasimulia mapango na majini, wewe unasema unafanya nini, dadu ya pande ishirini inaamua. Ndala mlangoni, mbio sebuleni, tunampita bibi yake Ketan kwenye bembea anamenya njegere, tunavamia bakuli lake la chevda, vile vitafunwa vya Kihindi vya pilipili.

Nilichopenda, hata asiye na baiskeli alikuwa na farasi. Shujaa wangu, Kapteni Chuma, nilimlea likizo nzima mpaka akapata panga la moto. Ila kulikuwa na sheria moja, jamani: ulichotamka kimeshatendeka, hakuna kurudisha. Mudi alipopiga miayo akasema "mi nalala," majambazi wakamvua mpaka buti. Siku hiyo niliiona sheria tamu. Na ukifa, karatasi inachanwa.

Tukafika pango la mwisho. Ketan akashusha sauti: "Mbele yako amekaa bibi kizee mchawi, ana miaka mia tatu. Chuma, unafanya nini?"

Panga ninalo. Lakini mama alinilea kwa makofi, na huyu ana miaka mia tatu! Mdomo ukaniponyoka:

"Shikamoo."

"We!" Mudi akaruka. "Mkate kichwa, unamwamkia nini?"

"Nafuta! Namkata!"

"Ushatamka," Ketan akasema. "Anakuitikia marahaba, huku anakurushia moto." Dadu ikabiringika. Ishirini, pigo la juu kabisa. Kapteni Chuma akachanwa vipande vinne mbele ya macho yangu. Nililia, kamasi na yote.

Watoto wa siku hizi wakifa kwenye simu wanabonyeza tu, wanafufuka chai haijapoa. Kufiwa na karatasi watakujulia wapi? Hata kugombea dadu moja watu watatu hawajui, kila mmoja na kioo chake. Sisi wenyewe tumeshakuwa hivyo hivyo: Ketan yuko mbali, Mudi ana duka la vitenge, tukionana ni "mambo, poa," basi. Ningetoa simu yangu leo nichaniwe tena karatasi ile.

Siku ile, wakati navaa ndala niondoke, bibi yake Ketan akaniita kutoka kwenye bembea:

"Wewe! Likizo nzima unapita hapa mbio, unamaliza chevda yangu, salamu hakuna. Leo mchawi wa kwenye karatasi ndiyo unampa shikamoo?"