Chumba cha Kupoa

Mwanzoni mwa miaka ya sabini nilikuwa mtunza mitambo ya simu mjini Kisii. Mitambo ilijaza chumba kizima, na kazi yangu kubwa ilikuwa kuhakikisha haipati joto. Ikipata joto, simu za wilaya nzima zinanyamaza na mkubwa wangu anafoka. Dirishani kulikuwa na mashine ya baridi iliyonguruma kutwa. Nilivaa sweta mbili, na maringo juu yake.

Mama alipokuja kunitembelea kutoka Nyacheki, alishangaa kukuta mwanawe kwenye baridi ile. Kwetu nyumba isiyo na moto ni nyumba iliyohamwa. Nyumbani tulizungumza Ekegusii, lakini mbele ya wenzangu nikajitia ujuaji, nikamjibu kwa Kiswahili: "Mama, mitambo hii hushikwa na homa. Humu ndimo inamopoa."

Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni na kanisani. Aliitikia kwa kichwa, taratibu, nami nikacheka moyoni. Mjinga mimi.

Msimu wa mvua uliofuata akashikwa na homa ya mapafu. Sikuwa na habari. Asubuhi moja alipanda gari hadi mjini, akaipita hospitali, akaja ofisini kwetu. Mimi nilikuwa nimetumwa Kebirigo, mti ulikuwa umeangukia nyaya. Mfagizi alimtambua, akamfungulia chumba cha mitambo anisubiri.

Niliporudi alasiri nilimkuta ameketi sakafuni, chini kabisa ya mashine ya baridi. Sweta yake ameivua na kuikunja vizuri pembeni. Meno yalikuwa yanagongana.

"Mama, unafanya nini hapa?"

"Nimekuja nipoe, baba," akasema kwa Kiswahili. "Si ni wewe uliniambia?"

Nilimvika sweta zangu zote mbili, nikambeba mgongoni hadi hospitali. Alikuwa mwepesi mno. Siku ya nne akafariki.

Matangani walisema ni mapafu tu, yangemuua popote. Sikuwaambia alikoketi siku ile. Hata ndugu zangu sijawaambia mpaka leo, na naona aibu.

Siku hizi vijana wa hapa wakikutana nami njiani husalimia, "Mzee, poa?" Huwa siitikii. Wanasema nina kiburi, na mimi nawaacha waseme.