Droni Juu ya Mjengo wa Baba

Mwenzenu nimejiaibisha kule Elgon View, tena nikiwa na kibali cha kurusha droni mkononi.

Baba yangu ni fundi wa mawe. Alipofanyiwa upasuaji wa mgongo, alimwahidi daktari kwamba akirudi kazini atasimamia tu, hatainua kitu. Mimi sikumwamini. Na kwa kuwa napenda kupiga picha kwa droni, Jumamosi nilisimama kando ya barabara nikairusha juu ya mjengo anakofanya kazi.

Msimamizi wa mjengo, Mama Nekesa, akatoka getini. "Kijana, unapiga watu wangu picha kwa ruhusa ya nani?"

Nilimwonyesha kibali. Kisha nikamhutubia kuhusu haki zetu sisi wapiga picha, kwamba barabara ni ya umma na kwamba mimi napiga mawingu na mapaa tu. Sauti yangu ilipanda mpaka mafundi wakaacha kazi, wakaja kusikiliza. Baba pia akaja.

"Sawa," akasema Mama Nekesa. "Hebu tuone hayo mawingu."

Watu walikuwa wengi, sikuweza kukataa. Video ikaanza: kofia ya bluu ikipanda ngazi, kofia ya bluu ikinywa chai, kofia ya bluu ikiinama polepole kuokota kipimo. Wingu halikuwepo hata moja. Mafundi wote wakageuka kumtazama mtu pekee aliyevaa kofia ya bluu.

Baba aliitazama video mpaka mwisho.

"Kwa hivyo, Barasa," akaniuliza kwa upole, "umekuja kunichunga?"