Desemba ya Zoe

Ukimwuliza Jemimah ni nini kinachomkosesha usingizi, atakuambia ni jiko. Si kweli. Jiko hulizima, akalikagua, akafika kwenye lifti akarudi kulikagua tena, kisha akasahau. Kinachomkesha ni Zoe, binti yake, aliyetimiza miaka thelathini na moja, ana kazi nzuri ya kompyuta katikati ya mji, na hajawahi kumleta mwanamume yeyote nyumbani kwao mtaa wa Rexdale, Toronto, isipokuwa fundi wa intaneti.

Ndiyo maana Jumamosi moja ya Juni alisimama kando ya ziwa, pale mto Humber unapoingia, amevaa fulana ya kanisa juu ya sweta mbili, akimvuta Zoe mkono kama mtoto anayepelekwa kuchanjwa.

Kila mwaka Wakenya wa kanisa lao hutembea ufuoni kutoka hapo hadi fukwe za mashariki, kutwa nzima, huku wakipigwa picha za kalenda. Usidhani kalenda hiyo ni ya kutazama tarehe. Nakala chache hubaki Toronto. Nyingine zote huenda nyumbani Kenya, Meru, Nyeri, Eldoret, zikatundikwa sebuleni, na huko kila mama ambaye mwanawe hajaoa huzikagua kama anayechagua mbuzi sokoni. Marissa, mpwa wa mwenyekiti wa matembezi hayo, alitokea kwenye ukurasa wa Agosti, na kabla Krismasi haijafika wazee wa kijana mmoja walikuwa wameshapiga simu kuposa. Marissa huyo huyo ambaye hata yai kulikaanga hajui!

"Simama katikati," Jemimah alinong'ona. "Na ucheke."

Zoe alijibu kwa Kiingereza, kama kawaida yake, kwamba haoni cha kuchekesha.

Mpiga picha alikuwa Ndegwa, nesi wa wazee, ambaye tangu anunue kamera kubwa aliacha kutembea kama watu. Alienda kinyumenyume, akigonga waendesha baiskeli na kuwalaumu. Alivaa kizibao chenye mifuko mingi ajabu, na ndani ya mifuko yote hiyo hamkuwa na kitu ila vijiti vya meno.

"Wapendwa, chekeni kwa macho!" alipaza sauti.

Wapendwa wakacheka kwa meno. Lakini kabla ya hapo mtu alitumwa akiwa na mwavuli kuwafukuza bata bukini waliokuwa wamechafua njia, ili watu wa nyumbani wajue Kanada ni safi.

Shida ya Jemimah ilikuwa mwenyekiti, Mama Warren. Kila kamera ilipoinuliwa, mama huyo alikuwa ameshafika mbele, ametanua mabega, na nyuma yake zimebaki nywele za Zoe tu. Walipofika kwenye mashua za matajiri, Mama Warren alishika kamba ya mashua moja na kuegemea kana kwamba ameirithi kwa babake. Mwenye mashua alipochungulia kutoka ndani, Mama Warren ndiye aliyemwambia karibu.

"Mama Zoe, mbona sura imekunjamana hivyo?" alimwuliza Jemimah. "Utaharibu picha."

"Picha gani? Si wewe peke yako umo?"

"Sogea basi, mpenzi. Nani amekukataza?"

Wakaendelea. Jua likapanda, likaanza kushuka, viatu vikauma. Mwanamke mmoja alipita akimsukuma mbwa kwenye kigari cha mtoto. Jemimah alikitazama kigari kile mpaka kikapotelea mbali. Kingembeba mjukuu vizuri sana.

Walipofika fukwe za mashariki alimvuta Ndegwa kando na kumfungulia mkebe wa mandazi aliyoyaficha kutwa.

"Kula, ndugu. Umekonda. Imebaki miezi mingapi?"

"Desemba tu." Mdomo ulikuwa umejaa. "Lakini Mama Warren ameshaiomba."

"Mama Warren ni Januari, ni Machi, ni Julai! Mwaka mzima ni wake?"

Ndegwa akatazama kulia na kushoto, akachukua andazi jingine. "Haya. Mkalishe pale kwenye mawe. Upesi, betri inaisha."

Zoe alijitwalia andazi moja na hakubisha, alikuwa amechoka mno. Alipanda juu ya mawe, akavua viatu, akakaa akitazama maji. Upepo ukainua nywele zake, mwanga wa jioni ukamwangukia shavuni, na kwa sababu hakuna aliyemwambia acheke, akatabasamu kidogo mwenyewe. Hata Mama Warren alisahau kusogea mbele. Jemimah alimwona kwenye kuta za Meru nzima. Aliwaona mama wa watu wakiitana waje watazame.

Ndipo akaona chembe ya andazi kwenye pembe ya mdomo wa Zoe.

Chembe moja. Jemimah alitoa leso, akaitemea mate, akaparamia mawe.

"Mama Zoe, toka hapo!" Ndegwa alipiga kelele. "Nabonyeza!"

"Ngoja, ana uchafu!"

"Mama, acha!" Zoe alisema hivyo kwa Kiswahili, jambo lililoonyesha hali ilikuwa mbaya kiasi gani.

Kamera ikalia mara moja. Kisha ikazimika.

Kalenda zilitoka Novemba. Desemba yote ilijaa makalio ya Jemimah, mapana, yameinama, na leso imeinuliwa juu kama anakung'uta zulia. Zoe alionekana mkono mmoja tu, unasukuma. Ndegwa alisema haifai kuchapishwa, lakini Mama Warren alishikilia kwamba lazima iingie, tena chini yake paandikwe "Upendo wa Mama".

Zikasafiri nyumbani. Jibu la kwanza lililetwa na Mama Warren mwenyewe, aliyefika Rexdale bila kualikwa, simu mkononi, hata koti hajavua. Lilitoka kwa familia moja ya Meru yenye kijana mhandisi, watu wa heshima kabisa. Akalisoma kwa sauti ya mtu anayesoma matangazo kanisani:

"Binti hatukubahatika kumwona. Lakini mama mkwe tumemwona vya kutosha. Tunawatakia heri."

Jemimah alikaa chini. Zoe, aliyekuwa mezani akila chapati, aliuliza kama zimebaki kalenda nyingine, maana huenda kuna familia ambazo hazijapata.