Sekunde Kumi Kifudifudi

Mpiga picha wa chumba cha matiti hospitalini hamgusi mtu kabla hajasugua viganja vikapata moto. Humlaza mgonjwa kifudifudi kwenye kitanda chenye tundu, titi moja lining'inie, mashine ya CT ilizunguke kwa chini. "Usipumue, mama. Sekunde kumi tu." Huzihesabu kwa kugonga kwa pete kioo kinachomtenga na mgonjwa, na pumzi yake mwenyewe huizuia. Ukingo wa tundu unakula mbavu, kwa hiyo hukunja taulo akaitandika hapo. Fundi aliyekuja kukagua mashine aliitupa taulo hiyo; haimo kwenye kitabu cha maelekezo, alisema. Wiki hiyohiyo picha nne zikatoka na ukungu, wanawake wanne wakaitwa kuanza upya, roho mkononi. Kwenye kila faili fundi akaandika: "Mgonjwa alitikisika."

"Wanawake hawatulii," akamwambia mpiga picha, huku anafunga mkoba wake.

Hapo damu ikamchemka. "Vua shati, kaka. Lala."

"Mimi tena?"

"Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Lala! Mashine siiwashi."

Fundi akalala huku anacheka. Pete ikaanza kugonga kioo polepole. Pigo la nne, kicheko kikakatika. La sita, akaguna, akajiinua, mkono kwenye mbavu. Mpiga picha alichukua faili jipya, akaandika juu yake jina la fundi, na chini yake, kwa maneno yaleyale ya faili zile nne: "Mgonjwa alitikisika." Akamsogezea kalamu.

"Weka sahihi."