Kumfuata Mama Malindi kwa Pikapu Ngumu

Nilikwenda Malindi ya milimani, si ile ya pwani, kumfuata mama yangu, na nilikuwa na siku mbili tu. Jumapili mjukuu wangu wa kwanza, mtoto wa binti yangu Neema, alikuwa abatizwe hapa Mnazi kwa jina la Ruthi, jina la huyo mama yangu. Katika ukoo wetu mwenye jina ndiye humbeba mtoto mpaka mbele ya mchungaji. Sasa mwenye jina aliteleza kwenye shamba la maharage akavunjika nyonga. Amepona, anatembea polepole, na daktari kasema kusafiri ruksa ila asirushwerushwe. Mara ya mwisho nilipompakia kwenye pikapu yangu, mwendo wa dakika kumi tu mpaka zahanati, alishuka machozi yakimtoka. "Elia, humu sipandi tena," aliniambia.

Neno lile liliniuma, kwa sababu kosa lilikuwa langu. Msimu mmoja wa mavuno nilijaza magunia ya mpunga hadi nyuma ikakaa chini, vijana wa sokoni wakanicheka eti gari limechuchumaa. Basi nikaenda kuongezewa majani mawili ya springi kila upande, yale mabamba ya chuma yanayopangwa moja juu ya jingine. Gari likasimama makalio juu! Nami nikawa napita nalo sokoni hata nisipokuwa na la kununua.

Ijumaa saa kumi na mbili asubuhi niliondoka na gari tupu. Mpaka Mng'aro barabara ilikuwa ya vumbi na mabonde madogo madogo, na nyuma kulikuwa kunaruka mpaka kofia ikanidondoka mara tatu. Tulipoanza kupanda kuelekea Mlalo, mimi na gari langu, mambo yakawa mabaya zaidi. Kwenye kona moja tairi za nyuma ziliruka juu ya makorongo, gari likasogea lenyewe upande wa bonde. Yesu wangu! Nilisimama, nikashuka, nikakaa kwenye jiwe. Nikajiuliza, hivi kweli humu ndimo ninamotaka kumweka mama?

Saa nne hivi niliingia Malindi. Ukungu ulikuwa ndiyo kwanza unaachia mashamba ya kabichi, na baridi ile tamu ikanipokea. Mama alikuwa jikoni.

"Shikamoo, mama. Onga makeo?" nilimjulia hali ya asubuhi kwa lugha ya nyumbani.

"Marahaba. Vedi. Umekuja na gari gani?"

"Lile lile."

"Basi umekuja kunisalimia. Karibu uji."

Nilikunywa uji, nikapakia magunia matatu ya viazi aliyokuwa ameweka kwa ajili ya sherehe, nikaenda kwa Fundi Zakaria, mzee ambaye gereji yake ni mti wa mkaratusi na jeki mbili. Nilimwamkia, nikamweleza shida yangu yote. Akashusha viazi, akaukalia mkia wa gari. Gari halikushuka hata kidogo. Akacheka peke yake.

"Mghosi, bwana wee, unabeba nini humu?"

"Tani nzima, fundi!"

"Sijauliza siku ya sifa. Jumatatu ulibeba nini?"

"Jumatatu... matenga manne ya nyanya."

"Jumanne?"

"Mbuzi wawili na mama mkwe."

"Jumatano?"

"Wanakwaya. Sita."

"Na jana?"

Jana sikubeba kitu. Watu waliokuwa wakisubiri baiskeli zao waliangua kicheko, nami nikacheka nao, ningefanya nini? Fundi Zakaria akasema springi huchaguliwa kwa mzigo wa kila siku, na mimi nilikuwa nimechagua kwa mzigo wa wiki mbili katika mwaka mzima. Zikiwa ngumu kuliko mzigo hazikunjiki, na kila shimo linakwenda moja kwa moja kwa aliyekaa.

"Basi toa matatu, fundi. Toa hata manne!"

"Acha pupa. Zikilegea mno, kwenye shimo ekseli ya magurudumu itapanda igonge chasisi, na mama yako atajuta zaidi. Tunatoa mawili, halafu tunapima."

Alitoa yale mawili kila upande. Tukarudisha viazi, akaingiza kiganja kati ya ekseli na mpira wa kuzuia kugonga, akaridhika na nafasi aliyoipata. Akapunguza na upepo wa tairi za nyuma, maana huko nako nilikuwa nimejaza kwa sifa zile zile.

"Na msimu wa mpunga?" nilimuuliza.

"Nenda mara mbili. Mlima hauhami."

Jumamosi asubuhi mama alilizunguka gari, akaligusa kwa mkongojo. Maneno ya fundi hakutaka kuyasikia. "Nipeleke mpaka kanisani na kurudi. Ikiniuma, nashuka."

Nikaendesha kwa uangalifu. Shimo la kwanza nyuma ilizama kidogo, ikainuka taratibu. Mama akatazama mashamba ya kabichi. Shimo la pili, bado anatazama mashamba. Tulipofika kanisani nikaanza kugeuza.

"Unageuza uende wapi?" alisema. "Mnazi si ni huku mbele?"

Kutazama miguuni pake, furushi lake la nguo lilikuwepo tangu tulipotoka nyumbani! Alikuwa amekwisha kujiandaa kusafiri, ila hakutaka nijue. Nilicheka mpaka akanipiga kofi begani.

Tuliteremka polepole, tukipumzika kila alipotaka. Kwenye ile kona ya jana tairi zilishika ardhi, nami nilimshukuru Mungu kwa sauti. Chini ya Mlalo, joto lilipoanza, mama alivua sweta akaanza kuimba wimbo wa kwaya, akinilaumu kwamba naimba besi vibaya.

Jumapili nilikaa benchi la mbele. Nilikuwa nimejifunza kwamba miaka yote ile gari langu lilibeba maneno ya vijana wa sokoni zaidi kuliko mpunga, na aliyeumia ni mama. Mchungaji akauliza ni nani anayemleta mtoto huyu. Mama akasimama na Ruthi mikononi, Neema akimshika kiwiko.

"Mimi," alisema, kanisa zima likasikia. "Jina lake nimetoka nalo Malindi, na mwanangu ndiye aliyenileta."